Shajara ya mradi wa Golf, Lubumbashi: mafunzo na vyeti vya wafanyakazi kabla ya kufungua kituo

Tarehe 13 Januari

Mkataba wa franshizi, yaani wa kufungua kituo kwa jina na utaratibu wa chapa ya mwingine, ulitiwa saini wiki iliyopita. Leo nimeusoma upya kwa kalamu mkononi, safari hii nikitafuta jambo moja tu: nani anapaswa kujifunza nini, kwa saa ngapi, wapi, kwa gharama ya nani, na nani mwenye mamlaka ya kusema kwamba amefuzu. Mwenye chapa yuko Johannesburg. Sisi tunafungua katika nyumba ya mtaa wa Golf yenye vyumba sita vya kukandia mwili, chumba kimoja cha mvuke, vyumba viwili vya kutunza ngozi na sehemu ndogo ya kucha. Kifungu cha mafunzo kinaeleza kwa urefu sare, muziki na namna ya kumkaribisha mteja. Kuhusu ujuzi wenyewe kinasema tu kwamba wafanyakazi wote watakuwa wamethibitishwa kabla ya siku ya kufungua, na kwamba uthibitisho huo utarudiwa kila mwaka.

Nimemwandikia mwenye chapa nikimwomba ajaze jedwali ambalo nimeazima muundo wake kutoka Marekani. Huko, kanuni ya tume ya biashara ya serikali kuu (FTC) inamlazimu mwenye chapa kumpa mnunuzi hati ya maelezo yenye vipengele 23, angalau siku 14 kabla ya kutia saini au kulipa chochote, na kipengele cha 11 kinadai jedwali la mafunzo linaloonyesha somo, saa za darasani, saa za vitendo na mahali. Afrika Kusini nayo, kwa Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya mwaka 2008 na kanuni zake, inamtaka mwenye chapa atoe hati ya maelezo siku 14 kabla ya saini, na inampa mnunuzi siku 10 za kazi baada ya saini ili ajitoe akitaka. Mimi sikuliomba jedwali hilo kabla ya kutia saini, na hilo ni kosa langu. Anayesoma shajara hii akiwa bado hajaweka jina lake kwenye mkataba, aliombe kwanza.

Tarehe 29 Januari

Jedwali limerudi: saa 120 kwa mkandaji, saa 60 kwa mtunza ngozi, saa 16 kwa mtu wa mapokezi. Mwenye mtaji, ambaye sote tunamwita Mama, aliona saa 120 kuwa nyingi, kwa kuwa ni majuma matatu ya mshahara bila mteja hata mmoja. Nilimweleza kwamba jimbo la New York linadai saa 1,000 za masomo kabla ya mtu kupewa leseni ya ukandaji, na kwamba California, ambako cheti cha baraza la ukandaji ni cha hiari, mwombaji huonyesha saa 500. Kwa hiyo saa 120 haziwezi kumfanya mtu awe mkandaji. Zinaweza tu kumfundisha aliyekwisha kuwa mkandaji namna chapa hii inavyotaka kazi ifanyike. Tofauti hiyo inabadilisha kabisa orodha ya watu tutakaowaajiri.

Baada ya mazungumzo hayo nimetenganisha karatasi za aina tatu ambazo watu wanaziita zote "breve". Ya kwanza ni cheti cha kuhudhuria, ambacho kinathibitisha kwamba mtu alikaa darasani. Ya pili ni cheti cha ujuzi, kinachotolewa na aliyempima mtu kwa mtihani. Huku ndiko waliko CIDESCO, shirika la kimataifa la taaluma ya urembo lililoanzishwa mwaka 1946, na ITEC, bodi ya mitihani ya Uingereza, ambao stashahada zao zinatambuliwa katika nchi nyingi. Ya tatu ni kibali cha kisheria cha kutekeleza taaluma ya afya. Cheti cha chapa kinakaa kati ya ya kwanza na ya pili, kutegemea uzito wa mtihani, na hakiwezi kamwe kuwa ya tatu.

Hilo la tatu limenifanya niandike kanuni ya kwanza ya kituo. Afrika Kusini, anayejiita mkandaji wa tiba anapaswa kusajiliwa na baraza la taaluma za afya shirikishi, na mkandaji wa mapumziko hayumo katika sajili hiyo. Hapa kwetu nako kinesitherapi, yaani tiba ya viungo, ni taaluma ya afya, inasomewa miaka kadhaa katika ISTM, taasisi za juu za ufundi wa tiba, na wenye kuifanya wana baraza lao la kitaaluma. Kwa hiyo hakuna mfanyakazi wetu, wala tangazo letu, atakayesema kwamba tunaponya mgongo, tunatibu kupooza au tunashusha tansiyo (presha ya damu). Tunakanda ili mwili upumzike. Mteja mwenye ugonjwa tutamwelekeza kwa mwenye kazi hiyo.

Tarehe 14 Februari

Tumeajiri watu kumi na wanne: wakandaji tisa, watunza ngozi watatu na wawili wa mapokezi. Mikataba ina kipindi cha majaribio cha miezi sita, ambacho ndicho kikomo cha Kanuni ya Kazi kwa mfanyakazi asiye kibarua wa kawaida, na kila mmoja ameleta cheti cha daktari cha kufaa kwa kazi. Tumeandikisha kituo pia kwa INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi iliyopo tangu mwaka 1964. Kwa kuwa mwajiri hulipa mchango juu ya mishahara, ni haki yake pia kuomba mafunzo kutoka kwao, na waajiri wengi wadogo wa Lubumbashi hulipa bila kuomba. Nimeomba somo la kupokea wateja na la kutunza hesabu ya stoku.

Chanjo ya homa ya ini aina B ndiyo iliyonifundisha kuhesabu kurudi nyuma kutoka siku ya kufungua. Watunza ngozi na wahudumu wa kucha hugusa damu kidogo karibu kila siku, na virusi hivyo vinaweza kubaki hai juu ya chombo kikavu kwa siku saba au zaidi. Ratiba ya kawaida ni dozi tatu: ya kwanza leo, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Maana yake ni kwamba aliyechanjwa leo atakamilisha Agosti, hata tukifungua lini. Katika kalenda ya mwenye chapa jambo hili halimo kabisa. Nimeliweka mstari wa kwanza katika kalenda yangu.

Tarehe 10 Machi

Wawili wamerudi kutoka Johannesburg walikopelekwa kwa majuma mawili ili wawe wakufunzi wa ndani. Safari ilichelewa siku kumi na mbili kwa sababu mmoja wao hakuwa na cheti cha homa ya manjano, na Afrika Kusini inakidai kwa msafiri anayetoka Kongo. Cheti huanza kufaa siku ya kumi baada ya chanjo. Tangu mwaka 2016 kinadumu maisha yote, kwa hiyo nimewaagiza wote kumi na wanne wakipate sasa.

Tarehe 31 Machi

Mafunzo yameanza, na shida ya kwanza ni lugha. Kitabu cha chapa ni cha Kiingereza. Wafanyakazi wetu, wanaotoka komini za Lubumbashi za Katuba, Kenya, Kampemba na Ruashi, walisoma kwa Kifaransa na wanaishi kwa Kiswahili. Wakufunzi wa ndani walijaribu kusoma Kiingereza, kukieleza kwa Kifaransa, kisha kujibu maswali kwa Kiswahili, na ifikapo saa nane mchana kila mtu alikuwa amechoka. Tumeamua hivi: majina ya mifupa, misuli na bidhaa yabaki kwa Kifaransa kama walivyoyajua shuleni, kila kinachosemwa kwa mteja kifundishwe kwa Kiswahili tangu mwanzo.

Jambo moja limenifurahisha sana. Mikono ya watu hawa inajua kazi. Wengi wamekua wakimwona mama au bibi akimkanda mzazi kwa maji ya moto baada ya kujifungua, na akiwanyoosha watoto kwa mafuta. Mkufunzi aliyetoka Johannesburg kutukagua aliniambia kwamba mahali pengine siku nne za kwanza humalizika kwa kuwafundisha watu wasiogope mwili wa mtu mwingine. Hapa siku hizo hazikuhitajika.

Tarehe 16 Aprili

Mtihani wa majaribio umefanyika leo, na nauandika kwa kirefu kwa sababu umebadilisha mradi wote.

Sehemu ya mikono imekwenda vizuri: wakandaji wote tisa wamevuka alama 80 kwa 100 zinazodaiwa na chapa. Mpangilio wa mashuka, mwendo wa viganja, uzito wa mkono na muda vyote vilikuwa sawa. Kwa kipimo cha mkataba tungeweza kuwapa vyeti leo jioni.

Baada ya chakula mkufunzi akaongeza zoezi ambalo halimo katika kitabu. Alimwomba jirani yetu, mama mwenye watoto wakubwa, aigize mteja aliyejifungua majuma matatu yaliyopita, ambaye mguu wake wa kushoto unauma kwenye shavu la mguu, umevimba kuliko wa kulia na una joto. Wakandaji waliingia chumbani mmoja mmoja. Watatu walisimama na kuuliza. Sita waliinama, wakapaka mafuta, wakaanza kuukanda mguu ule kwa upole na kwa nia njema.

Nilimuuliza mmoja wao kwa nini hakuuliza kwanza. Alinijibu: "Papa, ni mguu wa mama mwenye alizaa. Kwetu tunaukandaka hivi." Alikuwa amesema kweli, na hapo ndipo ulipo uzito wa jambo. Mwanamke aliyejifungua karibuni yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata donge la damu katika mshipa wa ndani wa mguu, na hatari hiyo ni kubwa hasa katika majuma sita ya kwanza. Mguu mmoja uliovimba, unaouma na wenye joto ndio dalili yake. Donge hilo likikandwa linaweza kuachia, likapanda na damu hadi mapafuni, na mtu akafa. Mkono uliorithiwa kwa mama, ambao asubuhi ulikuwa utajiri wetu, mchana ulikuwa karibu kumuua mteja, na cheti cha chapa kisingeonyesha chochote.

Nimeandika usiku huu kwa Mama mwenye mtaji kwamba tarehe 5 Mei, tuliyokwisha kuitangaza, haiwezekani.

Tarehe 22 Aprili

Kikao kilichukua saa tatu. Mama aliuliza swali la haki: ikiwa mwenye chapa anatoa vyeti, sisi ni nani hata tukatae? Nilimjibu kwamba cheti cha chapa kinalinda jina la chapa, kwa kuhakikisha kwamba mteja wa Lubumbashi anapata huduma ileile ya mteja wa Johannesburg. Kumlinda mteja mwenyewe asidhurike ni kazi ya aliyefungua mlango. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Andika tarehe nyingine, lakini uniandikie pia kila siku hizo zitatumika kwa nini." Tumekubaliana tarehe 17 Juni. Mwenye chapa amekubali pia, kwa sharti kwamba masomo tutakayoongeza yagharimiwe na sisi.

Tarehe 9 Mei

Majuma mawili yamekwenda katika kazi moja: kuandika maswali ambayo kila mteja ataulizwa kabla ya kuguswa, na kuwafundisha watu kuyauliza. Fomu ya chapa ina visanduku ishirini na nne vya kutia alama. Tuliijaribu kwa jamaa na majirani, na wengi walitia "hapana" kila mahali ili wamalize haraka. Sasa maswali ni tisa, yanaulizwa kwa mdomo, mteja akiwa ameketi, na kila moja limeandikwa kama mtu wa hapa anavyosema. Badala ya kuuliza kama mteja yuko katika matibabu, tunauliza: "Mama, kuko dawa yenye unakunywaka kila siku?" Swali hilo moja limetuonyesha watu wawili wa tansiyo na mmoja wa sukari ambao kwenye karatasi walikuwa wazima kabisa.

Maswali matatu hayakuwamo katika kitabu cha chapa kwa namna inayotufaa, nasi tumeyaongeza.

La kwanza ni la SS, yaani selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Kongo ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na ugonjwa huu, na wapo watu wazima wanaoishi nao kimya kimya. Kupoteza maji mwilini na baridi ya ghafla ni miongoni mwa mambo yanayoweza kuamsha maumivu makali ya ugonjwa huo. Chumba cha mvuke kinafanya la kwanza, na maji baridi yanayomwagwa baada ya mvuke yanafanya la pili. Mwenye SS haingii humo bila neno la daktari wake.

La pili ni la homa. Desturi ya kujifukiza bado ina nguvu Lubumbashi: mtu akihisi mwili unauma na kichwa kizito, anatafuta mvuke na mtu wa kumkanda. Lakini mwili unaouma pamoja na joto, hapa kwetu, mara nyingi ni malaria, na kila saa anayokaa katika chumba chetu ni saa anayoikosa katika kipimo na dawa. Mapokezi yana kipimajoto. Nyuzi 38 na kuendelea, hatupokei fedha. Tunamwelekeza kwenye kituo cha afya.

La tatu ni gumu kwa sababu ya aibu: krimu za kujichubua. Nyingi zina hidrokwinoni, ambayo Afrika Kusini iliipiga marufuku katika vipodozi mwaka 1990; nyingine zina zebaki, au dawa kali za kotikosteroidi zinazoifanya ngozi iwe nyembamba. Ngozi ya namna hiyo, ikipakwa nta ya moto na kuvutwa, inaweza kung'oka pamoja na nywele. Mtunza ngozi hana budi kujua, na mteja hatasema akihisi anahukumiwa. Tulijaribu maneno mengi. Yaliyofaa ni haya: "Mama, juma hili ulipaka mafuta gani, nichague nta isiyokuumiza?" Swali linamweka mteja upande wa mwenye kujua, na jibu linakuja bila shida.

Zaidi ya kuuliza, tumefundisha kukataa, na hilo limechukua muda mrefu kuliko yote. Mfanyakazi kijana anayemkatalia papa mwenye gari kubwa, aliyekwisha kulipa, anahitaji maneno yaliyo tayari kinywani. Kila mmoja amerudia mara ishirini mbele ya wenzake: "Papa, leo sitakukanda, kwa sababu ninataka urudi ukiwa mzima. Fedha yako hii hapa." Nimeandika pia katika kanuni za kazi kwamba anayekataa mteja kwa sababu ya usalama hapotezi asilimia yake ya siku hiyo. Bila kifungu hicho mafunzo yote yangebomolewa na hesabu ya mwisho wa mwezi.

Tarehe 21 Mei

Vyombo na huduma ya kwanza. Vyombo vya chuma vya kucha vinapita katika otoklavu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121 kwa dakika 15. Vya mbao vinatupwa baada ya mteja mmoja. Mashine ya kupashia moto mawe ya kukandia ilipandisha joto kupita kiasi baada ya umeme kukatika na kurudi, kwa hiyo hakuna jiwe litakalogusa ngozi kabla ya kupimwa kwa kipimajoto, na mwenye sukari hapewi huduma ya mawe kabisa, kwa kuwa miguu yake huenda haihisi anapoungua. Aliyeungua anawekewa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Bomba likikauka, pipa la akiba lipo kwa kazi hiyo tu. Wote kumi na wanne wamefuzu kubonyeza kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita tano hadi sita.

Tarehe 4 Juni

Mtihani wa pili. Safari hii tuliweka wateja wa kuigiza watano, wawili kati yao wakiwa wa kukataliwa, na aliyekosea hata mmoja wa hao wawili alihesabiwa hakufuzu, hata kama mikono yake ilipata alama 100. Wakandaji saba kati ya tisa wamefuzu, na watunza ngozi wote watatu. Wawili waliobaki si wazembe. Mmoja anauliza maswali yote vizuri na kisha anashindwa kukataa. Watakaa mapokezi hadi tarehe 2 Julai, kwa mshahara uleule, wakiuliza maswali hayo tisa kutwa nzima, kisha watapimwa tena.

Tarehe 12 Juni

Daftari la vyeti limekamilika, na nakala moja iko tayari kwa mkaguzi wa kazi akifika. Kila mfanyakazi ana ukurasa wake: mkataba, cheti cha daktari, breve alizokuja nazo, cheti cha chapa na tarehe ya kukirudia, huduma ya kwanza, chanjo. Vyeti vyote vimeandikwa kwa jina la mfanyakazi, na atakayeondoka ataondoka navyo. Mama aliogopa kwamba hivyo tunawafundishia wengine. Nimemwambia kwamba tumeshalipa mafunzo hayo ili watu wajue, na wanajua.

Dozi ya tatu ya chanjo itakuwa tarehe 14 Agosti. Hadi siku hiyo vyombo vya makali vilivyotumika vinaoshwa na mtunza ngozi mmoja tu, aliyekwisha kukamilisha chanjo zake kabla hatujamwajiri.

Tarehe 17 Juni

Tumefungua saa tatu asubuhi kwa vyumba vinne kati ya sita, kulingana na idadi ya waliofuzu. Wateja kumi na mmoja wamefika. Tisa wamehudumiwa. Mmoja alikuwa na nyuzi 38.6 na dereva wake amempeleka kupimwa. Kati ya waliohudumiwa alikuwamo mama wa mtoto wa mwezi mmoja, ambaye hakuwa na mguu uliovimba. Alikandwa mabega na mgongo, miguu ikaachwa, na aliyemkanda ni yuleyule aliyenijibu tarehe 16 Aprili. Mteja wa kumi na moja, papa wa tansiyo aliyetaka mvuke, alikataliwa na kurudishiwa fedha yake. Alikasirika, akatoka, akarudi baada ya nusu saa kuuliza ni karatasi gani aombe kwa daktari wake.